Kuvutiwa boti Kisumu mpaka Dar: kwenye kuvuta wako vizuri sana, kwenye kuosha waliniangusha

Nawapa nyota 3 kati ya 5, na naomba msome mpaka mwisho maana kwa upande wa kuvuta peke yake hawa jamaa wangechukua zote 5 bila ubishi.

Kwa wasionifahamu, mi napeleka wageni kuangalia viboko na mamba mto Rufiji, boti zangu zinashukia Mloka ila ofisi na gereji viko hapa Dar, Kunduchi. Mwaka huu nikapata boti ya faiba futi 19 iko Kisumu, upande wa Dunga, ya mzee mmoja aliyekuwa anazungusha watalii ziwani sasa ameamua kupumzika, ina Yamaha ya hospawa 60, bodi haina ufa hata mmoja, bei yake hapa mjini huipati. Kazi ikabaki kuifikisha Dar, zaidi ya kilomita 1,200 ukipita Nairobi na Namanga, na mi trela sina. Ndio rafiki yangu mmoja wa Mbezi akanipa namba ya hawa jamaa, wana Land Cruiser pikapu mbili na trela tatu za boti, wamezoea sana kuvuta Dar kwenda Tanga, Dar kwenda Mwanza, na Mombasa wameshaenda mara kadhaa. Tukakubaliana 3,200,000 kila kitu ndani, mafuta, dereva, tandiboi, bima ya kadi ya njano ya gari kuingia Kenya, isipokuwa ushuru na wakala wa forodha ambao ni juu yangu.

Mazuri nianze nayo maana ni mengi. Trela lilifika Dunga siku moja nyuma ya ahadi, hilo nalisema, ila lilivyofika lilikuwa limekamilika, taa zote zinawaka, tairi nzima na spea juu, na dereva alishuka na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja kwenye habu za magurudumu kusikiliza kama beringi zimepata moto. Hiyo alikuwa anaifanya kila tukisimama, njia nzima, hata tukisimama kunywa chai tu. Watu wengi hawajui kwamba trela la boti linaua beringi kuliko trela lingine lolote, kwa sababu unalirudisha nyuma mpaka magurudumu yanazama wakati unapakia, habu ilikuwa ya moto inaingia kwenye maji ya baridi, inavuta maji ndani, grisi inaharibika, kesho yake uko porini gurudumu limechomoka. Huyu kaka alibeba habu nzima ya akiba imeshapakwa grisi, imefungwa kwenye nailoni. Mikanda ya racheti ilikuwa minne, miwili nyuma mmoja katikati mmoja mbele mbali na mnyororo, na kila mahali mkanda unapogusa faiba aliweka kipande cha zulia isikwaruze. Injini akainyanyua halafu akaiwekea gogo la kuishikilia, hakuiachia ining'inie kwa haidroliki zake zenyewe, kwa hiyo matuta yote yale ubao wa nyuma wa boti haukupata hata mstari. Mwendo 70 mpaka 80, usiku hatembei, na mimi nilikaa naye kiti cha mbele mwanzo mwisho kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Sasa ubaya.

Boti ilikuwa imeegeshwa majini, na wanaoijua Kisumu wanajua hali ya pale, kuna siku unaamka asubuhi ghuba yote ni kijani, upepo umeleta magugu maji unadhani ni shamba la mboga. Siku tunapakia yalikuwa yamesogea mpaka mita chache na ufukwe, kwa hiyo trela lilivyorudi nyuma lilipita katikati yake na boti ikavutwa kwa winchi juu yake. Ikatoka imevaa majani. Yalikuwa yamejisokota kwenye propela, kwenye mnyororo wa nanga, kwenye vile viroli vya trela ambavyo mkuku, ule uti wa chini wa boti, unapanda juu yake. Nikamwambia tandiboi mdogo wangu tuyatoe yote haya kabla hatujaondoka, na tutoe maji ya ngama, yale yanayojikusanya ndani chini ya boti. Akavuta yale ya kwenye propela, mikono miwili mitatu, akatupa. Ya chini ya trela akaniambia, "Bosi hayo yatadondoka yenyewe njiani."

Hiyo sentensi bado ninayo kichwani mpaka leo. Maana hilo ndilo tatizo lenyewe, yadondoke wapi? Yakidondoka lami sawa yatakauka, yakidondoka kwenye daraja la mto je, yakidondoka Mloka je? Nilitakiwa nisimamie palepale ila alasiri ilikuwa imeshaingia, mzee muuzaji anataka kwenda msikitini, dereva anataka afike Kericho kabla ya giza, nikaacha. Wakafunika boti na turubai, tukaondoka. Kericho ikanyesha mvua usiku kucha.

Kesho yake tukapita Nakuru, Naivasha, tukalala Nairobi, asubuhi ya siku ya tatu mapema tukashuka Namanga. Pale tangu 2018 ni kituo cha pamoja cha forodha, ukitoka Kenya unapita moja kwa moja unasimama upande wa Tanzania, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, wakala wangu alikuwa ameshatanguliza makaratasi kwa hiyo mi nilidhani saa moja tu tumeondoka. Upana wa boti ni mita 2.1 kwa hiyo hata kibali cha mzigo mpana hakikuhitajika. Ndipo akaja dada mmoja mkaguzi wa mambo ya mimea, kijana tu, ana tochi na glovu za mpira.

Akauliza, "Kaka, hii boti imetoka maji gani?"

Nikamwambia Kisumu dada, ziwani.

"Na inakwenda maji gani?"

Nikasema Rufiji. Aliposikia Rufiji akaniangalia, akavaa glovu. Akaomba turubai litolewe lote, sio kukunjwa pembeni, litolewe. Halafu akapiga goti chini kwenye ile changarawe, akaingiza mkono mpaka bega katikati ya mkuku na kiroli cha pili cha trela, akawa anapapasa huku anaangalia pembeni kama mtu anayetafuta ufunguo mvunguni. Akavuta. Kikatoka kitu kirefu kama futi moja na nusu, na wote tulikuwa tumesimama pale tukakiona. Kile kikonyo kimeunganisha mimea miwili, mama na mtoto, mizizi yake myeusi yenye rangi ya zambarau inaning'inia kama unyoya uliolowa, na lile shina lake lililovimba bado kijani kabisa, siku ya tatu hiyo. Akalibinya kwa vidole viwili likafanya kama sifongo, maji yakatoka. Akasema, "Hili halijafa. Hili ukiliweka majini leo linaendelea." Turubai na mvua ya Kericho vilikuwa vimelitunzia unyevu vizuri kuliko ningelifungasha mwenyewe kwa makusudi.

Akauliza kizibo cha kutolea maji kiko wapi. Dereva hajui. Dereva anayejua joto la beringi kwa kiganja hajui kizibo cha boti aliyoivuta siku tatu kiko wapi! Nikakionyesha mimi, kiko chini nyuma karibu na injini, kimefungwa kama kilivyotoka Dunga. Dada akatuzuia tusikifungue pale karibu na mtaro, akatupeleka sehemu ya changarawe kavu mbali na mfereji, tukafungua, yakatoka maji ya ngama kama ndoo mbili, ya kahawia, na ndani yake vimajani, matope, na konokono wadogo wadogo kama punje za mtama. Mi nimekulia pwani lakini kichocho nakijua, na wanaokaa kanda ya ziwa wanakijua zaidi, konokono wanaobeba kichocho wanapenda sana kujificha kwenye magugu haya. Nilijisikia vibaya sana pale. Wale wageni wangu, wale vijana wangu wa boti, wanawake wa Mloka wanaochota maji mtoni, na mimi nilikuwa nawaletea ndoo mbili za maji ya Kisumu.

Tukaambiwa boti na trela vioshwe ndio tuachiwe. Tukapata sehemu ya kuosha magari wana mashine ya presha, 40,000, nikalipa mimi, saa tatu na nusu zikaenda. Mashina mengine manne yakatoka, moja lilikuwa ndani ya lile bomba la chuma la trela, yule dada akayatia yote kwenye mfuko akaondoka nayo. Hakuomba hata soda. Namshukuru hadharani ingawa jina lake sikuuliza.

Kuna watu watasema si ni majani tu, mbona Victoria imejaa na maisha yanaendelea. Hapa naomba nikae kidogo. Haya magugu kwao ni Amerika ya Kusini, Victoria yameanza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufika 1998 yalikuwa yamefunika maelfu ya hekta, meli zinashindwa kutia gati, mvuvi anashindwa kutoa mtumbwi, kule Uganda yakaenda kuwasumbua mpaka kwenye bwawa la umeme la Owen Falls. Wakaleta wadudu fulani aina ya fukusi wanaokula mmea huo huo tu, wakasaidia kweli, ila kumalizika hayajamalizika mpaka leo. Kikonyo kimoja kinazaa kingine, hali ya hewa ikikubali ndani ya wiki mbili yamejirudufu mara mbili, na mbegu zake zinalala kwenye tope miaka mpaka 20 zikisubiri.

Halafu fikiria Rufiji ya sasa. Tuna bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa jipya ndio linapenda balaa hili kuliko kitu chochote, maji yametulia, yamejaa rutuba ya miti na udongo uliozamishwa. Kariba walipoziba Zambezi mwisho wa miaka ya 1950, haikuchukua miaka mingi gugu lingine kabisa, salvinia, likafunika karibu sehemu moja ya tano ya ziwa lote, mpaka leo watu wanaliita gugu la Kariba. Boti yangu yenyewe inafanya kazi chini ya bwawa, sio ndani yake, ila mto ni mmoja, na boti za watu wengine zinapanda na kushuka. Sitaki mkono wangu uwemo.

Na sisi watu wa Dar tusijifanye hatujui kiumbe mgeni anafanyaje, hawa kunguru wanaotunyang'anya mkate mkononi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasafishe taka, wakavuka maji wenyewe, leo nani anaweza kuwatoa hapa mjini.

Shemeji yangu anaishi Calgary, Kanada, nilipompigia kumsimulia akashangaa kwamba mi nashangaa. Kwao ukiwa unavuta boti barabarani ukakuta kituo cha ukaguzi kiko wazi ni lazima uingie, hata kama ni kaboti ka kupiga makasia, na kizibo lazima kiwe kimetolewa muda wote boti iko njiani. Wana mpaka mbwa waliofundishwa kunusa kome. Kuna kome wadogo, saizi ya ukucha, wana mistari kama pundamilia, asili yao Bahari Nyeusi na Kaspi huko, walionekana ziwa St. Clair mpakani mwa Kanada na Marekani 1988, walikuja ndani ya maji ya kusawazishia meli, baada ya hapo wakasambaa, wanaziba mabomba ya maji ya miji na ya mitambo ya umeme. Ndugu zao wengine wakafika ziwa Mead kule jangwani Nevada 2007. Unajiuliza wamefikaje jangwani, wamefika kwa boti juu ya trela. Kome mkubwa anaweza kukaa nje ya maji mpaka mwezi kama kuna ubaridi na unyevu, na mtoto wake humuoni kwa macho, anakaa kwenye maji ya ngama tu. Ndio maana wanatumia maji ya moto nyuzi 60 na wanakausha. Sisi kome hao hatuna, ila dawa ni ile ile, usafishe, umwage, ukaushe.

Nirudi kwa hawa jamaa. Nilipompigia mwenye kampuni kutoka mpakani alinijibu vibaya, akasema yeye ni mtu wa kuvuta sio wa kufua. Hilo ndilo limemtoa nyota moja nzima. Nyota ya pili imetoka kwa sababu risiti yao ya mashine ya EFD niliifuatilia wiki mbili. Ila tulipofika Dar, baada ya kulala Same na kutoka alfajiri, alikuja mwenyewe gereji Kunduchi jioni ile, akanikuta na fundi wangu mzee tunalitazama lile trela. Yule mzee ametengeneza majahazi tangu hajaoa, akamwambia, "Mwanangu, sisi zamani chombo tulikuwa tunakipandisha pwani maji ya bamvua, kikikauka tunakipasha moto chini chote, halafu ndio tunapaka deheni, yale mafuta ya kulinda mbao. Nahodha asiyejua chini ya chombo chake kuna nini hakupewa chombo." Yule bwana alikaa kimya, akainama, akapitisha mkono kwenye kiroli kama yule dada alivyofanya. Kukawa kweupe, tulikuwa tumeshaosha mara ya pili. Kesho yake akanirudishia ile 40,000 kwa simu, na akaniomba nimwandikie kwenye karatasi cha kufanya.

Nilichomwandikia ni hiki. Boti ikitoka majini tu, kabla haijafunikwa, kizibo nje na kikae nje mpaka mwisho wa safari, kitiwe kwenye mfuko wa dereva sio kwenye sanduku la boti. Injini ishushwe chini wima dakika kadhaa maji yake yote yatoke, ndio inyanyuliwe. Trela likaguliwe kama boti inavyokaguliwa, viroli, mabomba, nyuma ya taa, katikati ya matairi mawili. Nanga na kamba yake, ndoo, maboya ya kuvaa, vile vitambaa vya kukalia, vyote vikung'utwe, kamba iliyolowa inabeba vitu vingi. Turubai lisifunikwe mpaka boti ikauke, na jua la kwetu lipo la bure. Na kuoshea kufanyike kule kule ulikotoa boti, juu mbali na maji, sio ufike nalo mpakani au nyumbani kwa mtu.

Sasa amenunua mashine ya presha, nimeiona, inakaa kwenye pikapu na tangi la lita 200, na anaongeza 60,000 kwenye bei kwa kazi hiyo. Watu wawili wamenipigia kuuliza kama ni wizi, nimewaambia lipeni.

Boti yangu nimeiweka juani Kunduchi wiki mbili nzima, kizibo nje, kila kifuniko wazi, ndio nikawapa hao hao waipeleke Mloka kwa njia ya Kibiti. Tandiboi ni yule yule. Kabla hatujatoka getini nikamuona amelala chali chini ya trela ana tochi mdomoni. Nina boti nyingine ya kuleta Mwezi wa 7, kutoka Mwanza, na nimeshampa yule bwana advansi.